Fainali ya Lakrosi Juu ya Kichuguu

Mwaka ule Taifa liligundua kwamba vijana wa vyuo vya Likasi, mji wetu wa migodi ya shaba, walikuwa wakicheza lakrosi tangu enzi za mababu, ila walikuwa wamesahau.

Tangazo lilisomwa mbele ya posta, baada ya wimbo wa Chama na kabla ya wimbo mwingine wa Chama. Aliyelisoma ni Komisere Mulangwa, mkuu wa serikali mjini, akiwa amevaa abakosti ya kijivu, lile koti la Chama lisilotaka tai. Alikuwa ametoka Kanada, alikopelekwa kwenye semina ya uongozi, na huko alikuwa amejifunza kuongoza na kupewa zawadi ya kreti la mbao. Ndani ya kreti mlikuwa na vijiti virefu vyenye kifuko cha nyavu nchani, mipira migumu kama viazi vibichi, na kofia zenye waya usoni.

Komisere aliinua kijiti kimoja juu, watu wote wakione.

"Huko Kanada," alisema, "wanafunzi wa vyuo hukimbizana na vijiti hivi, wakirushiana mpira na kuutia golini. Wanauita lakrosi. Wanadhani ni wao! Lakini tazameni wavu huu. Bibi zetu hawakuvua samaki mto Lufira kwa nyavu? Basi mchezo huu ni wetu. Uliondoka hapa kama ilivyoondoka shaba, na leo Taifa limeurudisha."

Umati ulipiga makofi. Ulikuwa umeletwa kupiga makofi, na Likasi ni mji wa watu wanaoheshimu kazi waliyoitiwa.

Kwa hiyo, Komisere aliendelea, Mashindano ya Ubingwa wa Lakrosi kwa Wanaume wa Vyuo yataanza mara moja. Fainali itachezwa mwezi wa kumi na moja, yeye mwenyewe akiwepo, na redio ya Taifa itaitangaza moja kwa moja hadi kila pembe ya nchi.

Nyuma yake, mstari wa tatu, alisimama Mkuu wa Ofisi ya Michezo na Burudani, mtu mnene kiasi, mwenye moyo mwema na tumbo la wasiwasi. Jina lake halali lilikuwa Sitwayen Kalenga Mwepu, maana siku hizo neno "Bwana" lilikuwa limefutwa na kila mtu alikuwa Sitwayen, yaani mwananchi. Jina lake la ubatizo, Casimir, lilikuwa limepigwa marufuku pamoja na majina yote ya kigeni. Mkewe Philomène, ambaye naye kisheria hakuwa tena Philomène, alilitumia baada ya kufunga dirisha. Sisi humu tutalitumia tu; dirisha tumeshalifunga.

Jioni ileile Casimir aliitwa ofisini kwa Komisere. Hakukaribishwa kiti.

"Fainali ikienda sawasawa," Komisere alimwambia, "Kinshasa watalisikia jina langu, na nitakwenda mbali. Ikiharibika, utakayekwenda mbali ni wewe. Mitwaba hawana mkuu wa burudani."

Mitwaba ni mahali pazuri, walisema waliowahi kupelekwa huko na kurudi. Shida ni kwamba hawakuwa wengi. Casimir alirudi nyumbani, mtaa wa Panda, kwa miguu, akipita kando ya kiwanda cha Shirika la migodi, na kila alipovuta pumzi aliona moshi ule mzito wa shaba unanukia vizuri kuliko siku zote.

Philomène alikuwa na mgahawa mdogo mbele ya geti la kiwanda. Wafanyakazi wakitoka zamu walikula kwake bukari, yaani ugali, na samaki, na wakidai nyongeza walipewa matusi, na wote waliyapenda matusi yale. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, kisha akafunga dirisha.

"Casimir, sikia. Minye mu Mitwaba siende. Kama banakutuma, utaenda, utakuwa unanitumia salamu. Minye nitabakia hapa na sufuria yangu."

"Lakini mama, weye ni bibi yangu."

"Njo maana nakuambia mbele. Muntu mungine angekukimbia bila kukuambia."

Casimir alimpenda mkewe. Hili tuliseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulisema. Alikuwa amezoea kulala akikemewa, na aliogopa kwamba kimya cha Mitwaba kingemuua kabla ya malaria.

"Na ile fainali eko mwezi gani?" Philomène aliuliza.

"Wa kumi na moja."

"Mvua ya kwanza! Na nswa je?"

Nswa ndio hao kumbikumbi, wale wenye mabawa wanaotoka ardhini baada ya mvua ya kwanza, na hakuna mtu wa Likasi, awe mchimbaji au padri, ambaye amewahi kuwaona wakitoka akaendelea na alichokuwa akifanya. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Vita vimesimama kwa ajili yao, na ndoa zimefungwa.

"Nswa haiko mu programu," Casimir alisema.

"Na mu programu ya nswa, weye hauko," Philomène alijibu, akafungua dirisha.

Maandalizi yalifanywa kwa ukamilifu. Kwa kuwa kreti lilikuja bila kitabu cha sheria, iliundwa Kamati ya Kukumbuka Sheria za Mababu, ambayo Casimir alikuwa katibu wake. Komisere, aliyeuona mchezo mara moja tu, kwa mbali, theluji ikianguka, aliikumbusha kamati mambo mawili: kwamba mpira ukiingia golini watu hushangilia, na kwamba aliye na mpira hupigwa kwa vijiti mpaka autoe. La tatu walilitunga wenyewe. Chama hakijui kushindwa, kwa hiyo katika mashindano haya hakuna timu itakayoshindwa. Kutakuwa na mshindi wa kwanza, na mwingine atakuwa mshindi wa pili.

Kofia zenye waya zilichukuliwa na jandarmu, askari wa serikali, ambao walipoziona walitokwa na machozi na kusema zilikuwa zao tangu mwanzo. Wanafunzi walipewa kofia za mgodini. Ilipobainika kwamba vijana wa chuo cha ualimu walikwenda mtoni na vijiti vyao na kurudi na samaki, Komisere alikasirika sana, akatoa amri: vijiti ni mali ya Taifa, na yeyote atakayekamatwa akivitumia kwa kazi nyingine isipokuwa lakrosi atafungwa, bila kujali cheo. Yale maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza mwenyewe, kwa sababu yalisikika vizuri.

Raundi za kwanza zilichezwa. Vijana wa Kambove walifika kwa lori na wakapigwa sana, wakarudi kwa lori lilelile wakiwa washindi wa pili. Walimu watarajiwa walidumu zaidi kwa sababu walijua kukimbia. Walioingia fainali ni wana wa Chuo cha Migodi cha Panda, chini ya kapteni wao Alexis, kijana mrefu mwenye mabega ya kubebea reli, na wana wa Chuo cha Kilimo cha Kapolowe, ambao hawakuelewa kabisa mchezo ule lakini walikuwa wengi.

Tatizo likabaki moja, nalo lilikuwa refu kama nyumba. Kiwanja kilichochaguliwa, nyuma ya kambi ya wafanyakazi, kilikuwa na kichuguu pembeni, vile vichuguu vyetu vikubwa vinavyoota miti kichwani. Mitaa miwili ililetwa Jumamosi kwa salongo, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna aliyeiomba, ikakichimba kutwa nzima. Jembe moja lilivunjika. Kichuguu kilibaki kilivyo, kikionekana hata kimeridhika.

Casimir alipeleka habari hizo. Komisere alifikiri, halafu uso wake ukang'aa.

"Si kizuizi," alisema. "Ni jukwaa ambalo mababu walianza kulijenga. Mwakilishi wa Taifa hawezi kukaa chini kuliko wananchi. Wekeni mbao juu, wekeni zulia, wekeni kiti changu."

"Sitwayen Komisere, baada ya mvua, mle ndani huwa kuna..."

"Kuna nini?"

"Nswa, Sitwayen Komisere."

Komisere alikunja pua. "Nasikia watu fulani hula wadudu hao. Mimi sijawahi hata kuwaonja."

Mbao zikawekwa. Siku mbili baadaye alikuja ofisini kwa Casimir mjane mmoja wa Panda, Mama Eugénie, mwenyeji wa Kapolowe, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa desturi ya huku kila kichuguu kina mwenyewe, na ni yeye anayefyeka majani pembeni kabla ya mvua na kuvuna nswa wakitoka. Mwingine akitaka, anaomba.

"Ile kichuguu ni yangu," alisema Mama Eugénie. "Marehemu bwana yangu njo aliniachiaka. Nani aliweka mbao juu?"

"Ni Leta, mama. Leta imeikamata mpaka fainali iishe."

Leta ndiyo serikali, na Mama Eugénie aliijua tangu ilipokuwa ya Wabelgiji. "Leta inakulaka nswa?" aliuliza.

"Hapana, mama. Leta haikulake nswa."

"Bon. Basi ikae. Nitaisogeza kama nswa inatoka."

Casimir hakuliandika neno hilo popote. Yapo mambo ambayo ofisi hulala vizuri zaidi bila kuyajua.

Siku ya fainali ilipambazuka kavu, na Casimir akaanza kuamini kwamba Mungu ana kadi ya Chama. Saa sita mchana mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka, nzito, yenye harufu ya vumbi. Ikanyesha, ikakatika ghafla, na jua likatoka kali. Ardhi ikaanza kufuka. Kiwanja kizima, watu wa kambi na watu wa mjini, wakainua pua wakanusa, kisha wakatazamana. Kina mama wengi walikuwa wamekuja kwenye lakrosi na mabeseni.

"Juu ya nini mabeseni?" Casimir alimuuliza mkewe.

"Ya kupigia ngoma," alisema Philomène. "Kushangilia Leta."

Komisere alipanda kichuguu chake akapigiwa saluti. Wasichana wa animasyo waliimba na kukatika kwa heshima ya Chama. Karibu na mguu wa kichuguu, mezani chini ya mwavuli, alikaa Hilaire, mtangazaji wa redio ya Taifa aliyetoka Lubumbashi, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Alikuwa na maagizo mawili kutoka juu: matangazo yaende saa nzima, na redio ya Taifa isinyamaze kamwe, maana huko nyuma iliwahi kunyamaza dakika chache na watu wakadhani serikali imepinduliwa.

Filimbi ikalia. Wana wa Kapolowe walimzunguka kila aliyekuwa na mpira kama wanaofukuza mbuzi mahindini. Wana wa Panda waliwatawanya kwa vijiti. Mchezo ulikuwa mzuri, kwa maana ya kwamba kila mtu alikuwa akipigwa. Alexis alipachika goli, kofia za mgodini zikarushwa juu, na Casimir akajiruhusu kuketi.

Kumbikumbi wa kwanza alitokea katikati ya viatu vya Komisere.

Alipenya kwenye zulia, akakunjua mabawa, akaruka taratibu mbele ya pua ya Mwakilishi wa Taifa. Akafuata wa pili. Kisha kichuguu chote kikafunguka, mbavuni na kileleni, na moshi wa mabawa ukapanda kupitia mbao na zulia, ukaingia katika suruali ya abakosti na kutokea kwenye kola.

Alexis alikuwa na mpira kwenye wavu, goli liko wazi mbele yake. Alisimama. Akautoa mpira, akauweka chini kwa adabu, akageuka. Wachezaji wote wakageuka naye. Halafu watu wote wa kiwanja, na mabeseni yao, na vikapu vyao, na vitenge walivyokuwa wakivua wakikimbia, wakaanza kukielekea kichuguu.

Jandarmu walidhani ni maasi. Mkubwa wao alitoa amri ya kusimama imara, akanusa, akavua ile kofia yenye waya, akaitazama ndani, akaona ingechukua karibu kilo. Amri ya pili haikutolewa.

Komisere, yeye, alidhani ni mapenzi. Aliona umati mzima unamjia mbio, nyuso zimejaa furaha ambayo hajawahi kuiona katika mkutano wowote, akasimama, akafungua mikono.

"Asanteni!" alipaza sauti. "Asanteni, wananchi! Polepole! Mimi ni wenu!"

Wakampita. Mmoja alisema "pardon, papa", akamsogeza kwa kiwiko. Kiti chake kilishushwa, zulia likakunjwa, na mbele yake akasimama Mama Eugénie na beseni kichwani.

"Ambroise!" alisema, kwa ile sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Ambroise, mutoto ya yaya yangu Angèle! Toka hapo, unakanyaga nswa yangu!"

Uwanja mzima ukasikia jina la ubatizo la Komisere, na kwamba ni mtoto wa dada mkubwa wa Mama Eugénie. Hilaire alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akikumbuka sheria ya majina.

"Mama mudogo," Komisere alinong'ona, "si mbele ya bantu..."

"Bantu gani? Nani anakuangalia weye?"

Ilikuwa kweli, na pengine hilo ndilo lililomvunja. Wakati huohuo kumbikumbi mmoja mnono alitua kwenye mdomo wake, na ulimi, ambao haukuwa umehudhuria semina yoyote, ukamchukua. Komisere akatafuna. Watu waliokuwa karibu wanasema alifumba macho. Kisha akavua abakosti, akakitwaa kijiti kutoka mkononi mwa Alexis, akatandika kitambaa cha Chama alichovaa shingoni ndani ya wavu ili matundu yasipitishe, na akaanza kazi.

Tuwe wakweli: hakuna aliyemfikia siku ile. Wengine walipiga hewa ovyo. Yeye aliinama, akazungusha wavu kutoka chini kwenda juu, akaupindua kwenye beseni la mama yake mdogo, akaruka tena, miguu peku, akipiga kelele kwa lugha ya kwao. Kila mtu aliona kwamba aliifanya kazi hiyo tangu hajaota meno ya utu uzima.

Waliobaki pale walipopangiwa na ratiba walikuwa wawili tu: Casimir na Hilaire. Hilaire alikuwa na jasho.

"Sitwayen Mkuu, kipaza sauti iko wazi. Nilifunika na mukono tu. Niseme nini? Kinshasa inasikiliza."

Casimir alitazama uwanja. Hapakuwa na timu. Hapakuwa na mwamuzi. Mwamuzi alikuwa mtini. Aliiona Mitwaba inakuja, na barabara yake, na kitanda chake kimya. Mbali kidogo alimwona Philomène, kitenge kimejaa, akicheka hadi mabega yanatikisika, na moyo ukamuuma kwa namna alivyompenda.

"Sema mechi inaendelea," alisema.

"Nani anacheza?"

Casimir alitazama tena, kwa uaminifu wote wa ofisi yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitumia kijiti na wavu kwa ustadi unaostahili kutangazwa.

"Komisere," alisema.

Hilaire alimtazama, akatazama kichuguu, akaondoa kiganja.

"Wasikilizaji wapendwa, haijawahi kutokea! Komisere mwenyewe ameingia uwanjani! Amevua koti! Anazunguka kushoto, anainama, anachukua... goli! Huyu si mtu, ni umeme! Vijana wanamkimbilia, hawamwezi! Anaruka... goli jingine! Wananchi wamevamia uwanja kwa shangwe!"

Nyuma yake mabeseni yalilia na watu walipiga vigelegele, na kelele zile zilikuwa za kweli kabisa. Redio haikunyamaza tena hata kidogo. Saa ilipokwisha, Hilaire alitangaza kwamba Panda na Kapolowe wote wawili ni washindi wa pili, kwa kuwa mshindi wa kwanza ni Komisere.

Usiku ule Likasi nzima ilinukia kumbikumbi wa kukaanga. Lubumbashi waliirudia habari katika taarifa yao, wakiongeza kidogo. Kinshasa waliitafsiri kwa Kifaransa wakaongeza ya kwao.

Komisere hakusikiliza redio. Alikuwa kitandani kwa tumbo na kwa aibu. Alipopona aliingia ofisini na sura ya chuma, akamwita Casimir.

"Umeniaibisha," alisema. "Jina lililopigwa marufuku limetamkwa mbele ya umma. Fainali imekatika. Utaondoka wiki hii kwenda Mitwaba." Na akavuta karatasi, akachovya kalamu.

Casimir hakujitetea. Alikuwa akifikiria jinsi ya kumwambia Philomène, na kama angemruhusu kuchukua angalau sufuria ndogo. Mlango ukagongwa. Karani aliingia na telegramu kutoka Kinshasa, na kwa kuwa telegramu za Kinshasa husomwa kwa sauti, watu wakiwa wamesimama, aliisoma kwa sauti, wakasimama.

Taifa lilimpongeza Komisere Mulangwa kwa ushindi ambao haujapata kuonekana. Mtu wa umri wake kuwashinda peke yake vijana wa vyuo viwili ni ushahidi kwamba mchezo huu umo katika damu yetu. Kwa hiyo ameteuliwa kapteni wa timu ya Taifa ya lakrosi, ambayo itakwenda Kanada mwakani kucheza na mabingwa wa vyuo vya huko, kurudisha heshima iliyoibiwa. Atacheza mwanzo hadi mwisho wa kila mechi. Kukataa hakukutajwa.

Kalamu ilidondosha wino juu ya Mitwaba.

"Kanada," alisema Komisere, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kalenga, mimi niliwaona wale vijana. Wana shingo kama magogo. Mmoja alipigwa akapita juu ya ukuta." Akageuka, amesahau Kiswahili chake cha semina. "Lakini minye sikucheza! Unajua! Nilikuwa nakamata nswa!"

"Ni kweli, Sitwayen Komisere," alisema Casimir kwa unyenyekevu. "Tuwaandikie hivyo? Kwamba redio ya Taifa imesema uongo, na kwamba Mwakilishi wa Taifa alikuwa anakamata nswa kwa kijiti cha Taifa?"

Kwenye ukuta, nyuma ya kiti, ile amri kuhusu vijiti ilikuwa bado imebandikwa, na wote watatu, karani akiwemo, waliisoma kimoyomoyo hadi pale penye "bila kujali cheo".

"Hapana," alisema Komisere. "Usiandike."

"Basi itabidi ufundishwe."

"Nani hapa anajua mchezo huu?"

Hakuna aliyeujua, hilo kila mtu alilijua. Lakini katibu wa Kamati ya Kukumbuka Sheria za Mababu alikuwa mmoja tu, na mtu hawezi kumfundisha kapteni wa Taifa akiwa Mitwaba. Komisere aliikunja ile karatasi yenye wino polepole, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamwambia Casimir akae.

Habari ilifika Panda kabla ya Casimir. Philomène alimpakulia bukari, akamwekea samaki mkubwa, kisha akamtukana kwa kuchelewa, na Casimir alikula huku machozi yakimlenga kwa raha.

Mazoezi yakaanza. Kila alasiri, zamu ya kiwanda ikitoka, kambi nzima ilikuja kuketi juu ya kichuguu na pembeni yake, ikiwa na njugu na watoto. Mama Eugénie alikaa mbele kabisa, kwa sababu mahali palikuwa pake. Komisere aliingia uwanjani na kofia ya mgodini, akapewa mpira, na wana wa Panda na wana wa Kapolowe, waliopatanishwa na uzalendo, wakampokonya.

Siku ya kwanza walimgusa tu, kwa hofu ya mkubwa. Alexis akamwendea Casimir pembeni, amesimama wima, kijiti kifuani.

"Papa Casimir," aliuliza kwa sauti ya chini, "bale batoto ba Kanada, banapigaka na nguvu gani?"

Casimir alifikiri. Alitaka kujibu kama mtumishi wa serikali anavyopaswa kujibu, bila chuki na bila upendeleo.

"Hatujue, mwanangu," alisema. "Na mu mambo ya Taifa, kama muntu hajue, anazidisha."

Alexis akaitikia kwa kichwa, akarudi uwanjani, akazidisha.